Kiti cha kurushia tufe kutoka karakana ya Gerezani, baada ya miezi saba ya matumizi

Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya walimu wa riadha ya watu wenye ulemavu jijini Dar es Salaam, hasa wale wanaofundisha warushaji wanaorusha wakiwa wameketi, kwa kuwa ninajua jinsi ilivyo vigumu kumpata fundi anayeelewa kwamba kiti cha kurushia si samani. Kiti ninachokizungumzia kilichomelewa katika karakana ndogo iliyopo Gerezani, upande wa mafundi wa vyuma. Karakana haina bango. Tumekitumia mazoezini mara tatu kwa wiki kwa miezi saba na katika mashindano mawili, na ndicho kiti cha kwanza kilichotengenezwa hapa nyumbani ambacho mrushaji wangu amekikalia mashindanoni bila waamuzi kukikataa.

Mrushaji huyo ni mama wa miaka 41, mkazi wa Mbagala, aliyepata polio utotoni, na anashindana katika F57, mojawapo ya madaraja ya ulemavu ya wanaorusha wakiwa wameketi, ambalo wanawake wake hurusha tufe la kilo 3. Mtu anayerusha akiwa ameketi hana mguu wa kusukumia ardhi, kwa hiyo kiti ndicho kinachochukua nafasi ya miguu: mwili unajisukuma dhidi yake, na mkono usiorusha unavuta nguzo iliyosimama pembeni ili kiwiliwili kizunguke kwa kasi. Kiti kikicheza hata kidogo, nguvu iliyopaswa kwenda kwenye tufe inapotea. Ndiyo maana kiti mwendo cha kawaida hakifai kwa kazi hii, hata kikifungwa breki.

Kanuni za kimataifa nazo hazina huruma katika vipimo. Kimo cha kiti, pamoja na mto wake, hakiruhusiwi kuzidi sentimita 75, kwa sababu anayekaa juu zaidi huachia tufe akiwa juu zaidi na hivyo kupata umbali ambao hakuutolea jasho. Kikalio kiwe cha mraba au mstatili, na kila upande usipungue sentimita 30. Nguzo ya kushikia iwe moja, iliyonyooka bila kupinda popote, na mikanda inayomfunga mrushaji isiwe ya kuvutika. Isitoshe, makalio hayaruhusiwi kunyanyuka kwenye kiti wakati wa mrusho, na hapo ndipo mikanda inayolegea humponza mtu.

Niliyaelewa mambo hayo kwa uchungu. Mwaka uliotangulia tulikwenda mashindanoni na kiti kilichotengenezwa na fundi mwingine, ambacho chuma chake kilikuwa na kimo cha sentimita 74, lakini kilipowekewa mto wa sponji kikafika 78, na nguzo yake ilikuwa imepindwa juu kama usukani wa baiskeli. Waamuzi walikuwa sahihi kukikataa. Mrushaji wangu alikuwa ameamka saa kumi alfajiri, akasaidiwa kupanda daladala, na alirudi nyumbani bila kurusha hata mara moja. Sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu, kwa kuwa nilimpelekea fundi yule picha tu, bila vipimo na bila mrushaji mwenyewe.

Fundi wa Gerezani alifanya kinyume chake. Nilipomkabidhi karatasi ya vipimo na kutaka kulipa malipo ya awali, alizirudisha fedha akasema, "Mwalimu, siwezi kukata bomba kabla sijamwona dada anavyorusha." Jumamosi iliyofuata alifika uwanjani akiwa na futi, ubao mmoja na fito ndefu. Alipanga matofali, akauweka ubao juu yake, akamwomba dada akae, kisha akaongeza na kupunguza matofali mpaka miguu yake ikatulia bila kuning'inia. Halafu yeye na kijana wake wakaishika fito wima badala ya nguzo, wakiisogeza mbele na nyuma kila baada ya mrusho, huku akimuuliza dada, wala si mimi, mkono wake wa kushoto unajisikiaje. Walirudia zoezi hilo kwa karibu saa mbili. Katika miaka yangu ya kufundisha sijawahi kumwona fundi akimpa mrushaji muda wa namna hiyo, na ninaamini ubora wa kiti ulipatikana pale, kabla chuma chochote hakijakatwa.

Kiti chenyewe ni cha bomba la mraba la inchi moja na nusu, na kikalio chake ni cha bati nene lililochomelewa kuzunguka pande zote. Chuma kina kimo cha sentimita 70, na pamoja na mto kinafika 74. Sentimita moja iliyobaki fundi aliiacha makusudi kwa tahadhari. Nguzo ni bomba la duara lililonyooka, lililozamishwa ndani ya bomba jingine na kukazwa kwa boliti mbili, na mpaka leo haijacheza. Mikanda ni ile ya kufungia mizigo kwenye malori, ambayo haivutiki. Nililipa shilingi 340,000, na mto niliushonesha Keko kwa mafundi wa makochi kwa shilingi 25,000. Kwa klabu isiyo na mfadhili hizo si fedha ndogo, lakini kiti cha kuagiza kutoka nje kingekuwa nje kabisa ya uwezo wetu.

Kasoro zipo. Kiti kilichelewa siku tisa, na mara mbili nilifika Gerezani kwa miadi nikakuta hakijaguswa. Pete nne za chini, zinazotumika kukifunga kiti kwenye duara la kurushia, zilikuwa nyembamba mno, na mbili zilipinda katika wiki ya kwanza. Fundi alizibadilisha bila malipo kwa nondo ya milimita 12, jambo ninalomshukuru, ingawa nilipaswa kulidai mapema. Rangi imeanza kubanduka kwenye maungio, na kutu ya mji huu wa pwani haisubiri, hivyo nimelazimika kupiga msasa na kupaka rangi upya. Kasoro kubwa zaidi ni uzito. Kiti kina kilo 31, kinahitaji watu wawili kukipakia, na kila tunaposafiri nakodi kirikuu. Fundi alipendekeza akigawe vipande viwili vya kufunga kwa boliti, nami nilikataa kwa kuhofia kwamba maungio yangelegea. Bado nadhani uamuzi huo ulikuwa sahihi, lakini mwalimu ambaye hana wasaidizi aupime mwenyewe.

Kuhusu matokeo, mrusho bora wa dada umeongezeka kutoka mita 5.40 hadi mita 6.15. Sitaki kusema kwamba kiti peke yake ndicho kilichofanya hivyo, kwa kuwa amefanya mazoezi kwa bidii kubwa. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba katika mashindano ya kwanza waamuzi walikipima kwa futi, wakaitikisa nguzo, wakakubali. Warushaji walioketi hurusha mirusho yao mfululizo, bila kupumzika wakati wenzao wakirusha, kwa hiyo hakuna nafasi ya kurekebisha kiti kilicholegea katikati ya zamu. Dada alimaliza mirusho yake yote na mikanda ilikuwa pale pale ilipofungwa. Aliposhushwa kitini aliniomba kamera yangu, akakipiga picha kiti kabla ya kutaka kuona umbali wake.

Ukienda huko, nenda na kanuni zilizoandikwa, na usikubali kupewa tarehe ya kumaliza bila kuiongezea wiki mbili. Mweleze fundi tangu mwanzo kuhusu pete nzito na rangi ya kuzuia kutu. Lango la karakana lina mtaro wenye ubao mwembamba usiofaa kwa kiti mwendo, kwa hiyo mrushaji wako asipelekwe kule, bali mwombe fundi aje uwanjani, kwa maana huja kwa gharama ya nauli tu.

Tumeshaagiza kiti cha pili, kwa ajili ya kijana wa daraja la F54, ambaye mikono yake ina nguvu kamili lakini hawezi kukizuia kiwiliwili chake kisianguke, na hivyo atahitaji egemeo la mgongo na mkanda wa kiunoni. Fundi amekuja uwanjani mara mbili na matofali yake, na bado hajakata bomba.