WireGuard (programu ya VPN, yaani njia ya siri ya kuunganisha simu na kompyuta yako kupitia intaneti) kwa mtu anayehama kati ya waifai na data: nimeitumia miezi minne hapa Dodoma

Mi sio mtu wa IT jamani, nina duka la jumla la mafuta ya alizeti Majengo, sistimu ya mauzo iko kwenye kompyuta ya dukani na mwenyewe muda mwingi niko njiani, leo Kibaigwa kesho Chamwino usiku nyumbani Nzuguni. Shida yangu ilikuwa moja na imenitesa zaidi ya mwaka. Niko dukani naingiza mzigo kwa simu, nikitoka tu nje waifai inaachia, simu inahamia kwenye data, sistimu inanitupa nje. Naingia upya naanza upya, na kuna siku ankara moja ikajiandika mara mbili, mwisho wa mwezi dumu hazifiki hesabu na kijana wa stoo akaonekana mwizi wakati hakuiba kitu. Hiyo iliniuma sana na nilimwomba radhi.

Nilijua ni minara. Kumbe sio. Fundi alinielewesha kwamba ukiwa na laini ileile unaweza kutoka Mtumba mpaka Nanenane ukapita minara kibao na kwa kawaida anwani ya IP ya simu, ile namba inayoitambulisha mtandaoni, inabaki ileile, maana kampuni ya simu inaishikilia huko katikati ya mtandao wake na kukufuatishia data mnara kwa mnara. Tatizo linakuja ukibadilisha mtandao wenyewe. Waifai inakupa anwani yake, data inakupa nyingine, na mawasiliano ya TCP, utaratibu ambao programu nyingi zinatumia kutumiana data, yanatambulika kwa vitu vinne, anwani na poti (namba ya mlango) ya huku, anwani na poti ya kule, kimoja kikibadilika upande wa pili haukujui tena hata kama simu haijatoka mkononi.

Watu waliliona hili zamani, 1996 ilishatoka Mobile IP, utaratibu wa kubaki na anwani moja hata ukihama mtandao, ilifanya kazi kama tulivyokuwa tunapokea barua kwa S.L.P. ya misheni, we umehamia Manyoni lakini barua inafika palepale na kuna mtu anajua ulipo anakufikishia. Wazo zuri ila halikusambaa kwenye simu zetu hizi.

Sasa WireGuard, ya Jason Donenfeld, iliingia ndani ya Linux yenyewe Machi 2020, bure. Yenyewe haikutambui kwa anwani, inakutambua kwa ufunguo, yaani kodi ya siri iliyo kwenye simu yako. Simu yangu ina anwani ya ndani 10.8.0.2 na hiyo haibadiliki, ya nje ibadilike inavyotaka. Kifurushi (kipande cha data, sio bando) kikitoka anwani mpya kikiwa na ufunguo sahihi seva inajirekebisha hapohapo, huyu saivi yuko huku, majibu yanakufuata. Sistimu ya duka inaona 10.8.0.2 tu siku zote, haijui kama nimepanda bodaboda.

Nimeijaribu kweli. Nimeanza ankara dukani kwa waifai nikaimalizia Sabasaba kwa data, haikukata. Kwenye treni ya SGR kwenda Dar, tulipoingia mahandaki ya Kilosa mtandao ukapotea kabisa, tulipotoka nikakuta ukurasa uleule na namba zangu zote zipo. Tangu niifunge hamna ankara iliyojirudia.

Pa kuwa makini ni kwenye kuifunga. Lazima upande mmoja uwe na anwani ya umma inayofikika kutoka nje, na intaneti nyingi za kwetu hazikupi, IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za IP, ni anwani kama bilioni 4.3 tu dunia nzima kwa hiyo watu wengi tunachangia moja. Fundi aliangalia ruta ya duka akakuta anwani yake ya nje inaanza na 100 halafu sabini na kitu, akasema hapo mtu wa nje hawezi kukupigia hodi. Ikabidi nikodi seva ndogo ya mtandaoni, duka linaunganika kule na simu inaunganika kule, na upande wa duka ameweka itume ishara kila sekunde 25 ili njia isijifunge. Kwenye simu ni kuskani QR tu basi. Alafu inatumia UDP peke yake, utaratibu mwingine wa kutuma data tofauti na TCP, kuna lodji nililala waifai yao imeizuia hiyo UDP, nikazima waifai nikatumia bando. Na simu ikiibiwa futa ufunguo wake kwenye seva siku hiyohiyo, usisubiri.

Hii ni VPN pia, na Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, walitangaza wanaotumia VPN wajisajili, so fuatilieni hilo kabla.

Nyota nne kati ya tano, moja nimeipunguza kwa sababu ya huo ufungaji, bila fundi ningekwama. Na ukimwita fundi muulize kwanza anwani ya nje ya ruta yako inaanza na ngapi, ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 akuambie atafanyaje, akibabaika tafuta mwingine.