Rimoti za kuelekezea mshale: ipi inalenga vizuri?

Ukishika rimoti ya aina hii na kugeuza kiganja, mshale unatembea kwenye skrini bila kuhitaji meza. Karibu zote zinausogeza vizuri. Shida huanza kwenye kubofya. Umelenga kile kialama kidogo cha kufungia dirisha, kidole gumba kinakandamiza, mkono unatikisika kidogo tu, na mshale umeshahamia pembeni. Jaribu hilo kabla hujalipa.

1. Rimoti ya jairoskopu yenye kipokezi cha USB. Naipa nafasi ya kwanza, mradi iwe na kitufe cha kusimamisha mshale. Jairoskopu, yaani kihisi kilicho ndani ya rimoti, hupima kasi ya mgeuko wa mkono, lakini haijui skrini iko upande gani. Kwa hiyo mshale ukigonga ukingo, mkono unaendelea kupinda na ulengaji unapotea. Ukiwa na kitufe hicho unasimamisha mshale, unarudisha mkono mahali pa raha, kisha unaendelea. Isiyo nacho mimi siinunui, hata iwe rahisi vipi. Halafu iweke mezani uiangalie: mshale ukitambaa wenyewe, isawazishe kama maelekezo yanavyosema, ukiendelea kutambaa, irudishe. Yenye kibodi mgongoni ni bora zaidi, maana kuandika neno la siri kwa kulenga herufi mojamoja kunachosha.

2. LG Magic Remote. Mshale wake ni laini, na gurudumu la katikati linakupunguzia kazi ya kulenga unaposhuka kwenye orodha ndefu. Ila ni ya televisheni za LG zinazoendana nayo. Hakikisha modeli yako imo.

3. Logitech Spotlight. Ilitoka 2017, na ni ya mtu anayesimama mbele ya watu. Ukiweka programu yake, inamulika au kukuza sehemu ya slaidi, na inaunganishwa kwa USB au Bluetooth. Ina vitufe vitatu tu, kwa hiyo usiitegemee kwa kuperuzi mtandaoni.

4. Wii Remote. Ya mashine ya michezo ya video ya Nintendo, ya 2006. Kwa kulenga, naipenda kuliko zote hizi: kamera yake ya mbele huona taa za infraredi (mwanga ambao macho hayauoni) za kijiti kinachokaa karibu na televisheni, hivyo inajua inaelekea wapi. Nimeiweka mwisho kwa sababu ya usumbufu. Kwenye kompyuta utatafuta kijiti hicho na programu ya kuiunganisha, tena jua likiingia dirishani au mshumaa ukiwaka karibu, kamera inachanganyikiwa.