Ramani ya 1:50,000, bonde la Sabaki hadi Mangea: uzoefu wangu

Anayetaka kupanda kilima cha Mangea, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, anunue ramani hii. Anayetaka kupitisha mfereji kwenye ranchi za kando ya mto Sabaki, haitamtosha.

Kilima kimechorwa vizuri mno. Kontua, yaani mistari inayounga sehemu zenye kimo kimoja, kwenye karatasi zangu zimeachana mita 20 za kimo, na ubavuni mwa Mangea, kinachofika karibu mita 520, zinabanana hadi unaona kwa macho mteremko mkali uko wapi na mgongo wa kupandia uko wapi. Msitu nao umepakwa kijani, mpaka wake unasomeka.

Bondeni ni habari nyingine. Chukua mfereji unaoshuka sentimita 50 kwa kila kilomita. Ukienda kilomita 20 umeshuka mita 10 tu, nusu ya kimo kati ya kontua mbili. Mfereji mzima unaweza kupita bila kukata hata mstari mmoja! Maji usiyapange kwa karatasi hii, mwite mpima ardhi na mashine yake ya kupimia usawa. Tena karatasi zangu ni za kabla ya mradi wa umwagiliaji wa Galana-Kulalu, ulioanza 2014, kwa hiyo mifereji ya leo haimo. Nimeichora mwenyewe kwa penseli nikifuata picha za setilaiti.

Kinachopoteza watu zaidi ni GPS. Ramani imefuata Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali, simu inasoma WGS84, mfumo wa GPS. Ukihamisha namba za simu moja kwa moja, alama yako inaangukia karibu mita 300 kusini na kama mita 100 mashariki ya pale uliposimama. Kilomita 1 hapa ni sentimita 2, basi hizo mita 300 ni milimita 6, na kando ya Sabaki zatosha kukuvusha ng'ambo. Weka programu ya ramani ya simu kwenye Arc 1960, UTM (gridi ya mita) kanda 37 kusini, halafu hakiki kwenye njia panda ya zamani. Kona ya mto usiiamini: Sabaki hubeba matope mengi na mkondo wake huhama.

Ukiunga karatasi mbili, kata pambizo la moja tu, la pili libaki na namba za gridi. Gundi ya utepe ibandikwe nyuma, kwa sababu mbele hung'oa wino. Na mkunjo usipite juu ya Mangea. Pakichanika hapo, umepoteza sehemu bora ya ramani.