Joto la ekzosi linakula stata na waya: ununue nini kwanza, kipi kiwe cha mwisho

Kabla hujatoa hela yako fungua boneti injini ikiwa imepoa kabisa, tafuta manifodi ya ekzosi (chuma kinachokusanya moshi unaotoka kwenye injini na kuupeleka kwenye bomba) halafu angalia majirani zake ni nani. Stata, yaani mota ya kuwashia injini? Hozi ya mafuta? Paipu ya breki? Soketi ya sensa? Nasema hivi kwa sababu watu wengi wanakimbilia kununua kitu cha kuvalisha bomba zima kumbe kinachoungua pale ni waya mmoja na hozi moja tu.

Mimi nilijifunza kupitia stata. Bati linalofunika manifodi lilikuwa linapiga kelele, bolti moja imeliwa na kutu, fundi akalitoa akasema hili ni pambo tu halina kazi. Nikamwamini. Baada ya miezi kadhaa gari asubuhi inawaka vizuri kabisa ila ukitoka safari ukazima dakika kumi, ukirudi unageuza ufunguo unasikia tak, basi, stata haizungushi mpaka usubiri ipoe. Tulipochomoa waya wake nikaubonyeza kwa kucha, ganda likavunjika vipande vipande kama biskuti na shaba ya ndani imeshakuwa nyeusi.

Ndo maana kwangu namba moja ni BATI, na sibishani na mtu hapo. Joto la manifodi halingoji uiguse, linaruka kama la jua na kupiga chochote kilicho mbele yake. Injini ya petroli ikibebeshwa mzigo moshi unaotoka unaweza kupita nyuzi 800 za selsiasi, wakati plastiki ya nailoni inayotumika kwenye soketi nyingi inayeyuka karibu na 260, na mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yanaruhusiwa kuchemka kuanzia 205 yakiwa mapya na 140 tu yakishanyonya maji. Bati linalirudisha lile joto lilikotoka, halafu hewa inayopita nyuma yake inamalizia kazi. Hiyo nafasi ya hewa ndo dawa yenyewe, bati likigusana na manifodi au likigusa waya umefanya kazi bure.

Ukienda kununua, tafuta la modeli yako hasa, hata la kutoka gari iliyokatwa ni sawa ila likague matundu ya bolti, yakiwa yamepasuka au yametanuka litarudi kupiga kelele na utaishia kulitoa kama mimi (tundu lililotanuka kidogo linatibika kwa washa pana, kile kibati cha duara kinachokaa chini ya kichwa cha bolti). Zuri zaidi ni la matabaka mawili yenye uwazi katikati. Kama unachongesha, tumia chuma kilichopakwa alumini au chuma cha pua. Alumini tupu inayeyuka kwenye 660 kwa hiyo usiifunge moja kwa moja juu ya manifodi, iweke pembeni kwenye hewa. Na usipake rangi nyeusi tafadhali, ule mng'ao ndo unaorudisha joto.

Namba mbili, soksi za waya na hozi, yaani mirija laini ya kuzivalisha. Hizi ndo rahisi kuliko zote na zinaokoa vitu vingi. Zipo za nyuzi za kioo zenye karatasi ya alumini juu, zinafaa pale joto linaporuka toka mbali kidogo, na zipo nene za nyuzi za kioo zilizopakwa silikoni, mara nyingi nyekundu au rangi ya chungwa, hizo ni nzuri kwa hozi za oili na mafuta na kwa kawaida zinahimili nyuzi 260 muda wote. Pima unene wa waya pamoja na soketi yake, maana soksi ya kuvalisha kwa kupitisha lazima soketi ipite ndani, kama haipiti au hutaki kuchomoa nunua ile ya kufunga kwa velkro. Kwenye pakiti soma namba mbili, ya joto la muda wote na ya joto la muda mfupi, muuzaji atakutajia kubwa, wewe nunua kwa ile ndogo. Halafu waya ulioshakauka badilisha kwanza, soksi haifufui waya.

Namba tatu ni mipako ya seramiki. Manifodi inatolewa, inasafishwa kwa kupigwa mchanga, inapuliziwa halafu inaokwa kwenye oveni. Inapunguza joto, haishiki maji na haihitaji kuangaliwa kila mara. Nimeiweka ya tatu sababu ya usumbufu wa kufungua tu, kama injini ipo chini tayari ipandishe iwe ya pili. Ila usichanganye na rangi ya kopo inayostahimili joto, ile inazuia kutu na kupendezesha, joto inaliacha lipite.

Blanketi la tabo (turbo, feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa kwenye injini) ni kwa wenye tabo tu. Linavaa upande wa moshi, usifunike katikati kwenye beringi wala upande wa hewa safi, na kama tabo inavuja oili ziba kwanza maana blanketi lililolowa oili ni utambi.

Mwisho kabisa bandeji, ile tepu ya kuzungushia bomba, ambayo kila mtu anaianza. Kweli inapunguza joto chini ya boneti, ila joto lote inalifungia kwenye chuma na ikilowa maji inayashika, kwa hiyo bomba la chuma cha kawaida linaoza na kupasuka chini yake wewe huoni. Ukiamua, chukua ya mwamba wa basalti badala ya nyuzi za kioo, funga kwa tai za chuma cha pua, vaa glovu na barakoa na mikono mirefu kwa sababu zile nyuzi zinawasha vibaya mno. Isogeze ianzie bomba la chini, manifodi iache, na sensa ya oksijeni usiifunike. Moshi wa mara ya kwanza ni kawaida, ukiendelea siku zijazo kuna oili imeingia, fungua.

Tepu ya alumini ya kubandika inafaa kwenye bomba la kuingizia hewa au ukuta wa nyuma wa injini, kwenye ekzosi yenyewe gundi haikai.

Na kama asubuhi injini ya baridi inalia tik tik tik halafu kwenye kiungo cha manifodi kuna masizi meusi, hapo moshi unatoka nje moja kwa moja na hakuna kati ya hivi vyote kitakachosaidia, hela ya kwanza iende kwenye gasketi, ile inayoziba kiungo hicho.