MRI ya ubongo Dar: wa chumba cha mashine nawapa alama zote, mapokezi hapana

Tulimpeleka mdogo wangu akiwa hajalala usiku kucha, mara analia, mara anasema tumemtilia sumu kwenye chai. Hakuwahi kuwa hivyo maishani. Nyumbani shangazi alitaka aombewe, mama akitaka alazwe wodi ya akili. Daktari wa akili ndiye aliyetuzuia: binti mdogo, amebadilika ghafla, na sasa mdomo umeanza kujichezesha wenyewe? Kwanza ubongo upigwe picha. Ndipo tukaenda Upanga kupiga hiyo MRI.

Mapokezi walituumiza. Dada wa dirishani alisoma fomu ya rufaa kwa sauti, "Mgonjwa wa akili ni yupi?" Benchi zima likageuka kututazama. Mama akainama akajifunika mtandio usoni. Mtu anayeshika mafaili ya wagonjwa hapaswi kufanya hivyo hata siku moja, na nilimwambia palepale. Kibali cha bima nacho kikachelewa, tukalipa taslimu, laki tano na ushee.

Ndani ilikuwa habari nyingine. Mtaalamu wa mashine alizungumza na mdogo wangu mwenyewe, siyo na mimi juu ya kichwa chake. "Dada, hii haina mionzi, ni sumaku. Itapiga kelele sana lakini haitakugusa." Akamtoa pini za hijabu, hereni na kipini cha pua, akapapasa rasta moja moja kuona kama zimesukwa na waya. Na mimi akanihoji kama nina chuma chochote mwilini, kisha akaniruhusu nikae naye ndani, nimshike mguu. Walishampima figo kabla ya kumchoma ile dawa ya mshipani inayong'arisha picha. Masikioni vizibo, mkononi mpira wa kuminya akizidiwa.

Aliuminya mapema tu. Kelele zile ni kama fundi anavunja ukuta chumba cha pili. Yule kaka alisimamisha mashine, akamtoa, akamnywesha maji, akamsubiri atulie. Hakumkaripia, wala hakututajia foleni iliyokuwa nje. Kisha kila hatua akawa anamwambia kwenye spika: "Inayofuata ni dakika nne, usitikise kichwa."

Ripoti ikasema ubongo hauna kasoro. Mama alishukuru Mungu, mimi nikaogopa zaidi, maana mgonjwa alikuwa palepale hajui hata jina la mtaa wetu. Lakini daktari aliyesoma picha aliongeza mstari mmoja chini: picha safi haiondoi uwezekano wa ubongo kuvimba kutokana na kinga ya mwili, apimwe maji ya uti wa mgongo. Kwa mstari huo peke yake ningelipa mara mbili. Daktari wa mishipa ya fahamu Josep Dalmau na wenzake waliueleza ugonjwa huu 2007: mwili unatengeneza kingamwili zinazoshambulia vipokezi vya NMDA, vile vinavyopokea ujumbe kati ya seli za ubongo, na kwa baadhi ya wanawake kinachouamsha ni uvimbe kwenye ovari. Katika utafiti wa wagonjwa 577 uliochapishwa 2013, wengi wao wanawake, MRI ilionyesha kasoro kwa theluthi moja tu. Sasa fikiria ni mabinti wangapi wameambiwa "picha ni safi, ni akili tu" wakarudishwa nyumbani.

Maji ya mgongo yalipelekwa nje ya nchi, majibu yakarudi ni huo huo. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye ovari, ukatolewa, akaanzishiwa steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili. Anapona polepole. Kumbukumbu bado inamsumbua, lakini juzi alinibishia kuhusu chumvi ya mboga na nilifurahi kubishiwa.

Kama unampeleka mtu wako pale, msuke nywele bila waya, na mmoja wenu awahi dirishani peke yake na fomu mgonjwa akisubiri kwenye gari. CD ya picha iombeni siku hiyohiyo. Daktari wa mishipa ya fahamu hakuridhika na karatasi ya ripoti, aliitaka CD azione picha kwa macho yake, na sisi ilibidi turudi Upanga kwenye foleni ileile kuifuata.