Nimejaribu programu ya beta ya kupima joto la prosesa, hapa hapa Dodoma kwenye jua

Niseme mapema: grafu yake ni nzuri kuliko za programu zote nilizowahi kutumia kwa kazi hii, namba zake kwenye prosesa za AMD usiziamini bado, na kwenye mashine ya mteja usiiweke. Jina silitaji kwa sababu ni beta, yaani toleo la majaribio. Wenyewe wanaibadilisha kila kukicha, na kasoro ya leo huenda kesho haipo.

Mimi ni fundi kompyuta, nipo maeneo ya Majengo. Kuanzia mwezi wa tisa mpaka mvua zianze, wateja wengi huja na lalamiko moja: "Fundi, mashine inakuwa nzito mchana." Vumbi limeziba hitisinki (chuma cha kupozea prosesa), pesti ya kupitisha joto kati yao imekauka, na prosesa inajipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Shida ni kumwonyesha mteja, maana anailetea asubuhi kukiwa na kaubaridi, na asubuhi haina tatizo lolote. Programu hii inarekodi joto siku nzima na kuonyesha ni saa ngapi kasi ilishuka. Hapo ndipo iliponivutia.

Kwenye prosesa za Intel imenifaa sana. Niliiwasha kwenye mashine yangu ya mezani, Core i5-6500, niliyokuwa nimeiandaa kumuuzia mama mmoja mwenye steshenari, nikaiacha ifanye kazi nzito. Kufika saa tisa mchana mstari wa joto umegota kwenye nyuzi 100, na chini yake mstari wa kasi umeporomoka kutoka GHz 3.3. Mama akautazama, akauliza, "Kwa hiyo si virusi?" Si virusi, mama. Nikapuliza vumbi kwa bloa, nikaweka pesti mpya, na kesho yake kazi ile ile haikuvuka 75.

Ila lazima ujue hizo namba zinatoka wapi. Kihisi kilichomo ndani ya prosesa ya Intel hakisemi "joto ni 60". Kinasema zimebaki nyuzi ngapi kufika kwenye kikomo kinachoitwa TjMax, na programu ndiyo inayozitoa kwenye kikomo hicho ili kupata joto. Prosesa nyingi za mezani kikomo chake ni 100. Programu ikikosea kikomo, kila namba inakuwa ya uongo. Halafu vihisi hivyo ni sahihi zaidi karibu na kikomo kuliko mashine ikiwa imetulia. Ukiona 24 wakati chumba chenyewe kina 31, cheka tu uendelee na kazi, kwa sababu feni haiwezi kuipooza prosesa kuliko hewa inayoipulizia.

Kwenye AMD ndiko walikoteleza. Kijana mmoja anayehariri video za harusi ana Ryzen 7 2700X, na beta ikamwambia joto liko juu hata akiwa hafanyi kitu. Nikafungua HWiNFO, programu nyingine ya kupima joto, pembeni: Tctl (namba inayoongoza feni) ilikuwa sawa na namba ya beta, Tdie (joto halisi la prosesa) ikawa chini kwa nyuzi 10 kamili. AMD wenyewe ndio walioongeza hizo 10 kwenye Tctl ya prosesa hiyo ili feni ianze mapema, na beta haikuzitoa. Kijana angeisikiliza beta angenunua feni mpya bure.

Kingine, rekodi inahifadhiwa unapoifunga programu tu. Kwa huku kwetu hapo hawakufikiria. Umeme ukikatika saa kumi, kazi ya tangu asubuhi imekwenda, na mashine nyingi za ofisini hazina UPS.

Toleo nililoanza nalo lilitumia draiva (kiprogramu cha kusomea vihisi) ya WinRing0, ambayo mwaka 2025 Defender, kinga ya virusi ya Windows, ilianza kuizuia kwa sababu ya udhaifu wake wa kiusalama unaojulikana. Wapo watakaokushauri uzime Defender. Usizime, hasa kwenye kompyuta inayochomekwa flashi za wanafunzi kutwa nzima. Toleo lililofuata lina draiva nyingine na halikugomewa.

Kwa sasa beta inabaki kwenye mashine za karakana, kwa wateja naendelea na HWiNFO au Core Temp. Nimewaandikia watengenezaji kuhusu zile nyuzi 10, na nimewaomba rekodi ihifadhiwe kila dakika. La AMD naweza kulisubiri. Hilo la rekodi wakilirekebisha tu, naanza kuiweka kwenye mashine za Intel za wateja.