Keria ya hema la juu ya gari: niliuliza swali moja tu

Keria nimeifungua juzi nikaitoa kwenye gari, na hasira bado ninazo, mnivumilie.

Kabla sijalipa niliuliza: inabeba kilo ngapi gari likiwa linatembea? Muuzaji akajibu haraka, "Kilo 300 bosi, lala na familia nzima." Kumbe hizo 300 ni za gari lililosimama! Kitabu cha gari langu kinasema paa lisizidi kilo 75 gari likiwa barabarani, na keria yenyewe imo humo humo kwenye hesabu. Keria kilo 31, hema 58. Jumlisha mwenyewe. Na hapo hujaingia rafurodi, ambako kila shimo linaongeza mzigo.

Safari ya kwanza tu nikasikia tik, tik, tik juu ya kichwa changu. Nikasimama, nikapanda kwenye tairi, nikashika ukingo wa hema. Likacheza kama jino bovu. Mguu wa keria wa mbele kushoto ulikuwa umeteleza upana wa vidole viwili, umekwangua rangi mpaka bati linang'aa. Nati moja haipo. Zilizobaki nilizizungusha kwa mkono, bila spana! Washa za springi, vile vipete vya kuwekwa chini ya nati ili isilegee, hakuna hata moja, na hakuna aliyeniambia nati hukazwa upya baada ya kilomita chache za mwanzo.

Nikampigia muuzaji. "Wewe ndiye unaendesha vibaya." Akakata. Nilipopiga tena hakupokea.

Nisiidhulumu keria, alumini yake haikupinda hata kidogo. Gari lenye mfereji wa maji pembeni mwa paa, kama Land Cruiser 70, linaweza kufungwa miguu 6 ikakamata mfereji wenyewe, na hapo pengine ningeinunua tena. Langu halina mfereji. Alinifungia miguu 4 yenye makucha ya kubana ukingo wa mlango, akijua kabisa ni hema linapanda pale, si mabegi.

Hapana, nafuta hilo la kununua tena. Kwa mtu yule sinunui hata nati.

Kwa sababu niliposhuka kwenye lile tairi nikageuka nyuma, na pikipiki iliyokuwa ikitufuata tangu mtoni ikanipita taratibu. Mama alikuwa amekaa nyuma ya dereva, mtoto mgongoni. Akanipungia mkono.

Mimi nilikuwa bado nimelishika hema.